Warda Hafuti Bamvua

Saa tatu asubuhi, ukumbi wa nyumba ya akina Pazi, Kilwa Kivinje, umejaa hadi kizingitini. Kuna chai, kuna mihogo, kuna habari ya harusi iliyovunjika juzi. Katikati ya mkeka, Warda Pazi (29) anagonga kompyuta yake, na umbea wote anausikia.

"Haya, jaribuni sasa," anasema. Akina mama wanainamia simu zao.

Warda anatengeneza programu ya simu inayowakutanisha wanawake wanaochokoa pweza na wanunuzi. Kila orodha ya wanunuzi ndani yake ina anwani, na yeye ndiye anayepanga maneno ya anwani hiyo: pweza, kisha Kivinje, kisha siku. Simu inaleta kilichotajwa tu. Vinginevyo ingeshusha orodha ya pwani nzima, na bando la shilingi 500 lisifike adhuhuri.

Mwanzoni siku ilikuwa tarehe. Mwanasha, mchokoaji wa miaka mingi, akaandika 15 kwa hesabu ya mwezi wa angani: mwezi mpevu, maji yakipwa mbali, miamba ikibaki wazi. Programu ikamletea wanunuzi wa tarehe 15 ya kalenda. Akabeba ndoo mbili hadi mnadani, hakumkuta mtu. Pweza wakamharibikia.

"Tangu lini nikaenda pwani kwa kalenda ya ukutani?" anauliza Mwanasha. "Ile ni ya ada za shule."

Basi Warda akaongeza kwenye anwani neno bamvua, yaani siku hizo za maji kujaa sana na kupwa sana. Bosi wake, Fidelis, aliyeko Dar es Salaam, amempa hadi Ijumaa alifute. Programu itauzwa bara pia, anasema, na anwani lazima zifanane. Asipofuta, mkataba wa laki sita kwa mwezi umekwisha.

Simu inaita. Warda anaweka spika, wote wasikie.

"Warda, bara nani anaijua bamvua?"

"Bara waandike tarehe, kaka Fidelis, nafasi yao ipo. Huku tunaandika bamvua."

"Utapoteza kazi kwa neno moja, dada."

"Njoo uwaambie mwenyewe. Wako hapa ishirini, na ndoo zao."

Fidelis anakata simu.

"Huogopi, mwanangu?" Mwanasha anamuuliza.

"Naogopa, mama. Laki sita ndiyo inayolisha nyumba hii." Anaifunga kompyuta. "Ila Ijumaa naipeleka programu hivi hivi, na bamvua yake. Wakiikataa, naandika nyingine tangu mwanzo, iwe ya kikundi chenu. Nipeni bamvua nane tu, miezi minne."