Mbuzi Watatu Mpaka Ziwa la Masinga

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la tano nikaanza kuponda kokoto kwa nyundo pale Mlolongo, na leo niko na lori mbili na mashine yangu ya kuponda mawe. Baruti imewahi kulipuka karibu nami nikinywa chai, na chai haikumwagika. Kwa hivyo sikwenda ziwani kushangaa. Nilikwenda kwa sababu ya mbuzi.

Kwetu Ukambani, mke anakuwa mke kamili siku mbuzi watatu wa ntheo wanapofika kwao. Mimi na Mama Ndinda tumeishi miaka ishirini na sita, nimemjengea nyumba ya ghorofa, lakini hao mbuzi sikuwahi kupeleka. Kila mwaka kulikuwa na lori la kununua. Sasa binti yetu Ndinda amepata mchumba, na baba mkwe akatuma neno kutoka Ekalakala: mbuzi wa Ndinda hawatapokelewa kama wa mama yake hawajafika. Jumapili saa tisa, baada ya kanisa, watatu. La sivyo vijana wangoje.

Mama Ndinda akaongeza sharti lake. "Hilo ziwa nilikuwa nachota maji yake nikiwa msichana. Hoteli yake niliiona kwa mbali tu. Jumamosi tulale huko."

Jumamosi asubuhi tuliwapakia mbuzi kwenye pikapu, tukapita Thika na kushika barabara ya Garissa. Matuu nilinunua ndoo ya maembe, nikaiweka nyuma. Tulipoteremka mbuzi walikuwa wamebakisha kokwa.

Saa saba tulifika. Hoteli iko juu kidogo, ziwa limelala chini, na katikati ya maji kumesimama miti mikavu iliyozama zamani bwawa lilipojaa. Juu yake ndege weusi hutandaza mabawa kama nguo zilizoanikwa. Mwendesha boti, mwanamume wa makamo anayeitwa Kilonzo, alitupokea.

"Mkubwa, hao mbuzi wafunge nyuma ya jikoni. Huku chini kwa maji si pazuri."

"Ndugu yangu, wewe umewahi kusimama karibu na baruti?"

"Mamba hajali baruti, mkubwa. Anajali mbuzi."

Nilicheka, lakini siku hiyo nilimsikia. Jioni tulipanda kilima, tukaona digidigi wawili na tai akinyakua samaki.

Jumapili saa mbili asubuhi Kilonzo alikuwa anatia mafuta kwenye boti. Nikafikiri: nyuma ya jikoni hakuna nyasi, na mimi siwezi kupeleka ukweni mbuzi wenye tumbo bapa. Nikawashusha mwenyewe, nikawafunga kwenye majani mabichi karibu na maji.

Tukapanda boti, na mbele kidogo tulikuta viboko kumi na moja. Mmoja akapanua mdomo, nikaona meno kama vigingi vya ua. Nikajikuta nimekaa kwenye sakafu ya boti.

"Umeangusha kitu?" Mama Ndinda akauliza, akicheka mpaka jaketi yake ya kuelea ikatikisika.

Halafu akageukia ufukweni. "Baba Ndinda, mbuzi ni ngapi?"

"Tatu."

"Hesabu tena."

Wawili walikuwa wanavuta kamba kuelekea mlimani, wakilia. Kamba ya tatu ilikuwa imeingia majini.

Kilonzo akageuza boti kurudi ufukweni, hata hakuniangalia. Afadhali angenitukana. Ilikuwa saa nne, ukweni wanasubiri saa tisa, na Jumapili Matuu hakuna soko la mbuzi. Kilonzo akatupeleka kwa jirani yake, mama anayeitwa Syombua, aliyekuwa na mbuzi jike mweupe, mnene, anayeng'aa.

"Elfu kumi na nane," akasema.

"Mwaitu, kwani huyu anakamuliwa petroli? Kumi na mbili."

"Kumi na nane."

"Kumi na tatu, na hiyo ni kwa sababu wewe ni mama yangu."

"Kama mimi ni mama yako, nisikize. Kumi na nane."

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema kumi na nne. Mama Ndinda, aliyekuwa amesimama kando akipangusa matope viatuni, akasema polepole:

"Endelea, Baba Ndinda. Nataka kusikia mimi ni wa bei gani."

Kilonzo akageuka kuangalia ziwa. Mimi maishani sijawahi kulipa bei ya kwanza: si ya mchanga, si ya tairi, hata jeneza la baba yangu nilishusha bei. Lakini hapo nikatoa simu nikatuma zote.

"Na kamba?" Syombua akauliza.

Nikalipia na kamba.

Saa tisa kasorobo tuliingia Ekalakala. Baba mkwe aliwapapasa mbuzi mmoja mmoja, akasimama kwa yule mweupe. "Huyu ndiye mbuzi. Hao wengine mlinunua tu." Kina mama wakapiga vigelegele, na Mama Ndinda, mwanamke wa miaka hamsini, akafunika uso kwa leso kama bibi harusi. Hapo ndipo niliposhangaa.

Tukirudi aliimba mpaka Thika. Nimejifunza kwamba mtu wa ziwani akikuambia kwa maji si pazuri, unafunga mbuzi nyuma ya jikoni. Na kwamba kuna kitu kimoja hakipunguzwi bei. Kilinigharimu shilingi elfu kumi na nane, na mia mbili za kamba.