Siku Pampu Ilipojiwasha Bondeni

Mimi shule niliishia la saba, kwa hiyo mtaalamu alipofungua lile boksi la kuwashia pampu na kuanza kutueleza, niliitikia kwa kichwa kila alipopumua. Kaka yangu akanikanyaga mguu.

"Umeelewa nini wewe?"

"Nimeelewa lina antena."

Bonde letu liko Kagerankanda, tunalima vitunguu. Chini kabisa, karibu na mto, ndipo ilipo pampu: mota ya sola na mkanda unaozunguka wazi, maana kifuniko chake kilishaondoka na mtu, nadhani sasa hivi kinafunika sufuria ya maharage mahali. Juu kuna tenki, na koki ya kufungulia maji yashuke kwenye matuta. Kuwasha ilikuwa kazi ya watu wawili. Mimi juu kwenye koki napiga mluzi, kaka chini anajibu kwa mluzi, ndipo anawasha. Asipojibu, hakuna kuwasha, hata kama kanyamaza kwa hasira zake tu.

"Sasa mluzi umestaafu," mtaalamu akasema. Unatuma meseji, boksi la chini linawasha pampu, linaongea na boksi la juu bila waya, koki inafunguka yenyewe. Alikuwa kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine. Kiha chetu alijua neno moja, "Mwakeye," la kusalimia asubuhi, na yeye alikuwa analitumia hadi jioni. Maboksi kama yale alishayajaribu Busunzu, kule Kibondo, akasema yametii vizuri sana.

Kaka hakufurahi. "Mtaalamu, nikiwa kule chini kwenye mkanda, hilo boksi litanionaje?"

"Bosi, hilo haliwashi bila amri."

Kaka akavuta mikono ya sweta lake, maana palikuwa na baridi, akasema, "Haya." Ile haya yake naijua. Siyo ya kukubali.

Tulipanda juu ya kichuguu, mimi na mtaalamu. Boksi lina antena yake ndefu, lakini network ya simu zetu inakaa pale tu, wanaoposa na wanaoachana wote wanapigia simu palepale. Mtaalamu akanipa simu, nikabonyeza WASHA. Chini mota ikanguruma, koki ikafunguka, maji yakatembea. Nikacheka. Halafu kicheko kikaniishia. Pampu inanguruma, pembeni hakuna mtu, kaka kasimama mbali anaitazama kama mbwa wa jirani aliyekata kamba.

Nikazima. Nikabonyeza WASHA tena, kimya. Wingu zito lilikuwa limekaa upande wa mnara, na network ikapotea. Sisi huku simu ikigoma hatuulizi, tunabonyeza tena mpaka iende. Nikabonyeza. Mtaalamu akaichukua, akabonyeza na yeye, akaiinua juu, akabonyeza. Nikamwambia aipulizie, labda ina homa. Tulicheka huku tunabonyeza.

Kaka akapaza sauti, "Mkanda umechomoka!"

"Ahaa," mtaalamu akasema, kama mtu aliyepata jibu.

Kaka akainama, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko kuurudisha mkanda. Wingu likaanza kusogea. Nilikuwa naangalia mgongo wake tu, sijui kwa nini. Simu ikatetemeka mkononi mwa mtaalamu: ujumbe umefika.

"Umefika wapi?" nikamuuliza. Akageuka kuitazama pampu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Nikapiga mluzi, mdomo umekauka, ikatoka hewa tupu. Nikapiga kelele, "Kaka! Toa mkono!"

Sasa kaka yangu hajawahi kuamrishwa na mdogo wake tangu nizaliwe. Akanyanyuka, mkanda umesharudi mahali pake, akanielekezea kidole. "Unamwamrisha nani, we mjinga?"

Mota ikawaka.

Mkanda ukaudaka ule mkono mwingine wa sweta, ukauvuta. Nilisikia nyuzi zikikatika hadi kule juu. Kaka akaanguka kwenye tope, sweta limechanika toka kiganjani hadi begani, na ndani ya sweta mkono bado upo. Nilihesabu vidole vyake nikiwa nakimbia kushuka.

Mtaalamu akatuma ZIMA kutoka kichuguuni, ikazima. Kaka akasogea kwenye swichi, nayo iko hapohapo pembeni ya mkanda. Ikawaka tena. Akaruka nyuma. Ikazimwa. Ikakaa kidogo, ikawaka.

"Mlibonyeza mara ngapi?" kaka akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kaka akiongea chini ni mbaya kuliko akitukana.

Mtaalamu, naye ameshashuka, akaniangalia. Mimi nikakiangalia kichuguu. Zile meseji zote zilizong'ang'ania hewani zilikuwa zinashuka moja moja, na hakuna aliyejua zimebaki ngapi.

Kuiacha hatukuweza. Watoto wakitoka shule wanachota maji palepale, na mkanda wanauchezea hata ukiwakataza. Kaka akafikiri, akasema, "Leta turubai la maharage."

Tukapanda kidogo yalipo masola ya mota, tukayafunika kwa turubai tunaloanikia maharage, kama tunavyofunika maiti. Mota ikalegea, ikalegea, ikafa. Tukaweka mawe pembeni. Upepo ukaanza kulinyanyua, nami nikalala ukingoni kulizuia, mikono nimeitandaza. Mtaalamu kashika upande wa pili, midomo inamcheza. Naona alikuwa anasali.

"Dogo," kaka akasema, "hilo turubai likifunuka, mimi sina mkono."

"Shuka tu, kaka."

Akashuka na koleo. Nikamsikia anakata waya za kutoka kwenye boksi kwenda kwenye mota. Upepo ukapiga, ukingo ukanyanyuka kifuani pangu, nikaukandamiza kwa kidevu. Ndani ya boksi, ambalo lina betri yake lenyewe, kitu kikalia: tak, amri nyingine imeingia. Koleo likanyamaza. Halafu kaka akaendelea kukata.

Akapanda juu, waya zinaning'inia mkononi, lile sweta linaburuzika nyuma yake.

"Inuka. Imekwisha."

Sikuinuka. Wote watatu tulikuwa tunasikiliza chini. Boksi likalia, tak. Likatulia kidogo. Likalia tena.