Harusi za Kujaribia Betri

Nimehudhuria harusi nyingi za Kasulu na Kibondo, na hakuna hata moja niliyoalikwa. Sikuchangia, sikukaa kamati, pilau lao sikulionja. Zote nimeziona juu ya meza yangu ya ufundi, peke yangu, mkono mmoja umeshika waya wa chaji na kuutikisatikisa.

Kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Laptop nyingi zinazoletwa kwangu zina ugonjwa mmoja: tundu la chaji. Mtu anaibeba mgongoni kwenye bodaboda kutoka Munanila au kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, barabara ni mashimo, vumbi jekundu linaingia kila mahali, na lile tundu linaachana na bodi. Mwenyewe anaanza kwa kuweka kitabu chini ya waya, kisha kijiti, kisha anaufunga kwa mpira wa baiskeli, na siku anapokuja kwangu ananiambia tatizo limeanza jana. Nafungua, nachomea upya, nafunga. Halafu lazima nijaribu. Huwezi kumrudishia mtu mashine eti kwa sababu taa imewaka. Taa ni mwongo mkubwa. Unaweka video ndefu, unaiacha icheze mchana kutwa, na kila baada ya muda unatikisa waya uone kama chaji inakatika. Na katika kompyuta za huku kwetu hakuna video ndefu kuliko harusi.

Mimi ni mpweke, niseme tu, maana wengine hulizungushia maneno. Mke wangu alifia Kibondo, na sikuweza kuendelea kukaa katika mji ambao kila njia niliipita naye. Nikahamia Kasulu, nikapanga chumba nyuma ya soko: mbele meza ya kazi, nyuma ya pazia kitanda na jiko la mkaa. Hatukujaliwa mtoto. Harusi yetu haikupigwa video, tuliona ni anasa ya watu wa mjini, na sasa sauti yake imeanza kunitoka. Uso bado ninao. Sauti ndiyo inayokwenda.

Basi nikawa natazama za wenzangu. Nikienda sokoni nawakuta watu ninaowajua. Yule muuza vitambaa alilia kwikwi siku ya kumwozesha dada yake. Yule mama wa maharage ana mtindo wake wa kucheza, anashika kiuno na kusimama ghafla, utadhani kakumbuka kitu alichosahau jikoni. Nawatazama, nakaribia kuwasalimia kwa furaha, kisha nakumbuka kwamba wao hawanijui. Na salamu ya huku si ya kurushiana njiani. Mtu anakushika mikono yote miwili, anakuuliza nyumba, shamba, mifugo na wagonjwa. Huwezi kuianza na mtu kisha umweleze kwamba umemwona wakati unapima betri. Nanunua nyanya zangu narudi.

Mteja wangu wa mara kwa mara alikuwa bwana mmoja mpiga video za harusi, mtu wa haraka, asiyejua kufunga zipu ya begi lake. Katika harusi zake kulikuwa na moja niliyoipenda hata nikairudia baada ya mashine kufaulu mtihani. Ilikuwa ya Kibondo, katika ukumbi wenye mapazia ya kijani, mvua inapiga bati mpaka MC hasikiki. Katikati ya sherehe umeme ukakatika. Watu wakaimba gizani, na yule bwana akaendelea kurekodi giza. Umeme uliporudi, bibi harusi, ambaye gauni lake lilikuwa la mikono mifupi, alikuwa amevishwa koti la mumewe, anacheka, kichwa kakilaza upande, na mwanya unaonekana. Ilipofika keki, kabla hajalishwa mtu yeyote, alikata kipande akakifunga kwenye tishu. MC, mchokozi kama walivyo wote, akasema kwenye kipaza sauti, "Bibi harusi, asiyekuwepo na lake halipo!" Ukumbi ukacheka. Yeye akatikisa kichwa. "Lake lipo," akasema, akamkabidhi msimamizi wake kile kifurushi. Sikujua ni cha nani. Nilikaza skrubu, mwenyewe akaja akaichukua mashine yake.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, aliingia kwangu mama mmoja wa Heru Juu, muuza unga wa muhogo. Alitua beseni chini, akafungua kitenge, ndani yake kukawa na kitenge kingine, na ndani ya hicho laptop. Niliinusa kabla sijaiona. Ilinuka moshi.

Nikamwamkia. Akaitikia, akanishika mikono yote miwili, akasema "mwakeye", salamu ya huku ya asubuhi, akaniuliza nyumba, akaniuliza mke, akaniuliza watoto. Nikajibu salama kwa vyote, hata kwa mke, maana katikati ya salamu si mahali pa kumwagia mtu msiba.

"Hii ya binti yangu," akasema. "Alikuwa mwalimu kule Kibondo. Kafariki mwaka huu, uzazi, na kitoto kikaenda naye. Mkwe kaniletea vitu vyake. Sasa humu ndani kuna harusi yake, mwanangu, na mimi harusi ile sikuiona."

Nikamuuliza kwa nini hakwenda. Akanishangaa kidogo. Katika ukoo wao, akasema, mama hamsindikizi binti. Anamuaga jikoni, anabaki na moto wake, na moto hauzimwi mpaka waliosindikiza warudi. Mama yake alimfanyia hivyo, naye akamfanyia wa kwake.

"Waliorudi nikawauliza, ilikuwaje? Wakasema ilipendeza, chakula kilitosha. Basi, hayo tu! Yeye mwenyewe aliniambia, mama usijali, nitakuja nayo nikuonyeshe yote. Nikawa nasubiri."

"Na tangu uletewe ulikuwa unaiweka wapi?"

"Pazuri kabisa. Juu ya meko, pamoja na mbegu."

Nililielewa hilo kabla hajamaliza, maana nami nimelelewa huku. Juu ya meko kuna uchaga, na huko ndiko mbegu ya mahindi na maharage inakohifadhiwa, moshi uifukuzie wadudu. Kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani kinawekwa hapo. Alichokitunza kwa ajili ya binti yake alikitunza kama msimu ujao, kila siku moto chini yake, asubuhi na jioni.

Nilifungua skrubu za chini. Masizi yalikuwa yamefika ndani, yananata kama kwenye chungu kisichosuguliwa. Miguu ya tundu la chaji ilikuwa imeliwa na kutu. Nikaling'oa, nikatafuta jingine kwenye mashine mfu ninazozihifadhi chini ya kitanda, nikalichomea. Nikapitia kila kiungio kwa spiriti na mswaki. Memori nikaichomoa, nikayasugua meno yake kwa ufutio wa watoto wa shule, dawa ndogo ambayo imeponya mashine nyingi. Nikachomeka chaji. Feni ikazunguka, skrini ikawaka, na mimi nikasema "Asante" kwa sauti, hakuna mtu chumbani. Kisha yakatokea maandishi meupe: diski haionekani.

Niliitoa diski, nikaisafisha, nikaiunganisha na mashine nyingine. Ikaanza: ka, ka, ka. Fundi hahitaji kuelezwa sauti hiyo. Ndani kuna kijisindano kinachosoma, nacho kilikuwa kinapapasa bila kupata pa kushika. Nikabadilisha waya. Nikaiacha ipoe mpaka kesho yake, nikajaribu tena. Nikampigia fundi mwenzangu wa Dar, nikaisogeza simu asikilize, akasema, "Kaka, hiyo imeenda." Siku nyingine ningesema ni diski tu. Siku hiyo nilishindwa kula.

Mama alirudi siku ya soko, vitenge vyake viwili mkononi. Nikamwambia ukweli, kwamba mashine inawaka lakini ile sehemu iliyobeba harusi imekufa, na sina uwezo nayo, na sijui mwenye uwezo. Akaisogelea diski, akainusa.

"Ni ule moshi?"

"Hapana, mama. Hizi diski zina umri wake."

Sijutii uongo huo. Angeishi vipi na moto wake kila jioni?

Akakaa kwenye benchi. Hakulia. Akakilaza kichwa upande, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyezoea kukosa. "Basi," akasema. "Asiyekuwepo na lake halipo."

Ndipo nikauona mwanya. Nikaona na kile kichwa kilivyolala, na maneno yale niliyoyasikia kwenye video yakanirudia.

"Mama," nikasema, "siku ile Kibondo mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha. Walirudi na matope mpaka magotini."

"Umeme ulikatika?"

Akanitazama. "Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Niliiona hapa, kwenye mashine ya aliyeirekodi. Nilikuwa najaribu betri."

Nilimpigia yule bwana wa video pale pale, simu nikaifungua spika mama asikie. "Ah, mkuu, zile za zamani nilishafuta zote," akasema. "Diski inajaa, harusi ni kila wiki." Nyuma yake muziki ulikuwa unapiga, huenda alikuwa kazini. Nikakata.

Basi nikabaki mimi. Nilifunga mlango nusu, nikavuta kigoda, nikamsimulia. Nikaanza na mapazia ya kijani na mvua juu ya bati. Nikamweleza jinsi watu walivyoimba gizani, na kwamba sauti ya kwanza kuanzisha ilikuwa ya mwanamke. Akaniuliza ilikuwa nyembamba au nene, nikasema nyembamba, akasema, "Huyo shangazi yake." Nikamweleza gauni la mikono mifupi na lile koti. "Alikuwa mtu wa baridi tangu mdogo," akasema. Kila nilichokitoa alikuwa na mahali pa kukiweka. Sikuwahi kusikilizwa vile tangu niingie Kasulu, na nikanogewa, nikaenda hadi kwenye keki. Nikamweleza kipande cha kwanza, tishu, MC na uchokozi wake, na jibu la binti: lake lipo.

Mikono ya mama ilikuwa imekaa mapajani, imeachia.

"Kililetwa," akasema. "Kimekauka, kimeshikana na karatasi. Aliyeleta hakusema neno, aliniwekea tu mezani. Nikadhani ni makombo ya wageni. Nikawagawia watoto wa jirani. Mimi sikuonja."

Akajifunika uso kwa kitenge. Nilitamani niyarudishe maneno kinywani. Kwa miaka yote nimekaa na siri za watu kwenye meza hii, na moja niliyoitoa kwa furaha ndiyo iliyomuumiza mtu. Nje wachuuzi walikuwa wanaitana bei. Nikakaa tu, sina la kufanya na mikono yangu.

Alipokifunua uso, macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Kumbe kilikuwa changu," akasema. Kisha akasema, "Tena. Anza pale umeme ulipokatika."

Nilisimulia tena. Diski niliyotaka kumwekea badala ya ile aliikataa. "Ya nini, na ni tupu?" Mashine, ile mfu ikiwa ndani yake, aliifunga kwenye vitenge vyake viwili, akaenda nayo, na najua aliirudisha wapi.

Tangu hapo huja siku za soko, akishauza unga. Haleti mashine wala chaji. Anatusalimia, mimi na nyumba yangu nzima ya kufikirika, kisha anakaa. Siku moja, alipofika kwenye mke, nilishindwa kusema salama. Nikamwambia. Akaendelea kunishika mikono, akauliza jina lake, na tangu siku hiyo anapofika hapo kwenye salamu anamtaja kwa jina, anauliza kaburi lake limepaliliwa lini. Hakuna mwingine mjini hapa anayelijua jina hilo.

Juzi alikuja mvua imembana. Nikawasha jiko, nikaanza kusimulia bila kuombwa, maana nami sasa naihitaji. Nikasema mapazia, nikasema mvua, nikasema umeme ukarudi na bibi harusi kasimama katikati ya ukumbi, gauni jeupe la mikono mirefu.

"Mifupi," akanikatiza. "Si ndiyo maana akapewa koti? Wewe ulikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo nimwambie ni ulimi tu umeteleza. Badala yake nikasema kweli.

"Sikuwepo, mama."

Akajisogeza kwenye benchi, akanipisha nafasi kando yake, upande wa joto la jiko.

"Basi keti," akasema, "nikusimulie."