Bibi Aliyekataa Kubebwa

Mimi maji nayaogopa, nisiwafiche, na Jumamosi pale ufukwe wa Katonga nilikuwa na mtoto mchanga, ziwa limechafuka, boti imesimama mbali na mchanga, kwa hiyo abiria tunabebwa mgongoni na vijana. Mimi nilishafikishwa. Akabaki bibi mmoja na mkongojo wake, anakataa katakata.

“Nipande mgongo wa mwanamume nisiyemjua, kwa uzee huu?”

Nahodha anafoka kwamba anaondoka, na boti nyingine ni kesho. Kijana aliyemwendea alikuwa na nywele za rangi ya machungwa na suruali iliyochanika magotini, nikajua sasa bibi wa watu atatukanwa.

Kijana akachuchumaa, maji yakamfika kiunoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.”

“Mimi ni mjukuu wako. Sasa mke wangu, kweli unaniacha ufukweni niaibike mbele za watu?”

Boti nzima kicheko! Bibi naye akacheka, akakaza khanga yake.

“Haya, mume wangu. Ila ukiniangusha, nadai talaka!”

Akamfikisha bila tone kumgusa, akamkalisha katikati, pakavu. Vijana wenzake, waliokuwa wameshapanda na kukaa hapo, wakahamia mbele, mawimbi yanakopiga, bila kuambiwa.

Tunasema vijana wa siku hizi wameharibika. Labda macho yetu yanaishia kwenye nywele. Mimi nilimgeuza mwanangu awatazame wale vijana waliolowa chapachapa, na nikaona fahari utadhani nimewazaa wote.