Honi ya Asiye na Breki

Baba yangu aliendesha lori la chama cha ushirika miaka mingi, Mbinga kwenda ziwani na kurudi. Alishuka na mahindi na saruji hadi Lituhi, akapanda na samaki wakavu, na msimu wa kahawa akazunguka Mpepai na vijiji vingine kukusanya magunia. Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao na madereva wao vijana, lori la Baba likaegeshwa nyuma ya ghala, majani yakaota hadi kwenye bodi. Soko huria hilohilo lililomtoa yeye kazini ndilo lililonipa mimi kazi. Nilifungua chumba cha intaneti pale mjini, kompyuta nne, na ubao kati ya moja na nyingine ili watu wasichunguliane barua. Sikujua nione fahari au aibu, nikaona vyote.

Kisukari kilimkuta amekaa tu nyumbani. Kikaanza kidonda kwenye mguu wa kulia, kidogo, cha kiatu kipya, kikakataa kupona. Daktari wa hospitali ya misheni alituambia wazi: mguu ukatwe chini ya goti, tena upesi, la sivyo tutamzika. Baba akajibu kwamba dereva hakatwi mguu wa mafuta, ule wa kukanyagia mwendo. Hakuna aliyekuwa tayari kumpa hata mkokoteni auendeshe, lakini mguu wa mafuta, jamani, haukatwi! Nilimbembeleza. Nilimkaripia pia, ndiyo, baba yangu mzazi, na Mama akanifokea kwa kumvunjia heshima. Wapi! Ni kama nilikuwa naongea na ukuta.

Ili atoke kidogo nyumbani nilimkalisha kwenye kompyuta ya mwisho, nikamfungulia mchezo wa magari ya mashindano ya zamani. Yale ya miaka ya sitini, membamba kama mtumbwi uliotiwa magurudumu, dereva hana hata mkanda. Nilikuwa na usukani wa plastiki wa kuchomeka, mafuta na breki unabonyeza kwa vidole. Siku ya kwanza alicheka. Baada ya mwezi hakuna kijana wa mji mzima aliyemweza. Wao walitazama namba za spidi. Yeye alisikiliza injini, akajua gia inataka nini.

Ndipo akampata mtu wa Ubelgiji kwenye mtandao, gari namba kumi na moja. Jina lake hatukuwahi kulijua. Wakawa wanakutana kila Jumamosi saa sita mchana, na walikuwa sawa kwa sawa, leo huyu, wiki ijayo yule.

“Baba,” nikamwambia siku moja, “huoni kwamba hapa unaendesha bila mguu?”

“Hili si gari, mwanangu. Hiki ni kiti.”

Wiki hiyo kidole gumba cha mguu ule kiligeuka cheusi, na nyumba ikaanza kunuka. Mama alilia mbele yake, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Baba akasema neno ambalo hatukulitegemea.

“Jumamosi. Mbelgiji akinishinda, mnipeleke mkakate. Nikimshinda, habari ya mguu wangu isizungumzwe tena humu ndani.”

Mimi nilitaka kusema huo ni wazimu. Mama akanikanyaga. Alimjua mumewe, ahadi yake hakuivunja hata mara moja, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yetu pekee.

Jumamosi asubuhi nafungua chumba, mtandao umekufa. Nikapiga simu Songea kwa wenye mtandao, nikaambiwa Jumatatu, labda. Labda! Wiki nyingine nzima kusubiri, na kile kidole. Nikafunga mlango nikakaa sakafuni, sina la kufanya. Kisha nikachukua waya, nikaunganisha kompyuta ya Baba na ile ya kwanza mlangoni, nikajiandikisha kwa namba kumi na moja. Nilijiambia ninachotaka ni mashindano tu yawepo. Uongo mtupu. Nilitaka kumshinda baba yangu.

Saa sita alifika, anajikokota na fimbo, Mama pembeni na rozari. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba kama siku zote. Nikamfungulia mchezo, nikasema nina barua za kuandika, nikaenda kukaa nyuma ya mbao na kuvaa spika za masikioni.

Raundi kumi. Barabara ya mchezo ilipanda mlima msituni, kisha ikateremka kona baada ya kona hadi mstari wa kumalizia. Utotoni nilikaa sana kando ya Baba ndani ya lori, nikadhani namfahamu. Sikuwahi kumfuata kwa nyuma. Loo! Kwenye mpando alinivuta na kuniacha, kwenye mteremko nikamfikia, nikiingia kulia amekwishaziba, nikienda kushoto yuko hapohapo. Raundi ya sita nilimpita kwa kona moja, nikapiga kelele moyoni. Kona iliyofuata alipita ndani yangu kwa upana wa kiganja, bila kunigusa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, miguu yote miwili mizima, na mzee mgonjwa ananichezea tu.

Raundi ya kumi tulianza kuteremka, mimi nyuma yake nusu gari. Zilibaki kona tano. Zikabaki nne. Sikuwa na njia ya kupita, na nilijua kabisa kwamba namwangalia baba yangu akijiua.

Barabara yetu ya kwenda ziwani ina desturi ya madereva. Ukisikia nyuma yako honi tatu fupi na moja ndefu, huyo breki zimemkatikia. Huulizi ni nani, hutazami kioo. Unajibana upande wa mlima, unamwachia njia. Baba aliniambia kwamba mtu wa kuifikiria kwanza ile honi hafai kupewa lori.

Mchezo ulikuwa na kitufe cha honi ambacho hakuna aliyekitumia. Nikakibonyeza. Tatu fupi, moja ndefu.

Gari lake lilikwenda pembeni papo hapo, likajibana ukingoni mwa mlima, likapunguza mwendo. Nikapita, nikavuka mstari.

Nilivua spika. Nyuma ya mbao nikasikia Mama akiuliza, “Imekuwaje?” na Baba akijibu, “Amepita.” Nilimshukuru Mungu, na nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu tulimpeleka hospitali. Alilala kwenye kitanda cha magurudumu korido nzima hadi mlangoni pa chumba cha upasuaji.

“Gari la Mbelgiji huwa linarukaruka kwa sababu ya laini yenu mbovu ya mtandao,” akasema. “La Jumamosi halikuruka hata mara moja. Nilijua ni wewe tangu raundi ya kwanza.”

“Sasa Baba, kama ulijua, kwa nini ulinipisha?”

“Mwanangu ananipigia honi ile, yuko nyuma yangu kwenye mteremko. Ulitaka nifanyeje?”

Muuguzi akaleta karatasi ya ridhaa na kalamu, akampa yeye. Baba hakuipokea. Alinielekeza mimi kwa kidevu.

“Mpe huyu,” akamwambia. “Yeye ndiye aliyeshinda.”

Muuguzi akanigeukia, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuandika. Nikasaini, kwa jina langu mwenyewe.