Nilivyomfinya Neema Mbele ya Muuguzi

Mimi kusema mbele ya watu hunishinda, kwa hiyo hili naliandika. Tulipokimbilia Mugunga kwa ajili ya volkano, mdogo wangu Neema alishikwa na maumivu ya sikio, akalia sana. Nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi akampa picha za sura za kupimia maumivu, kuanzia yenye kucheka hadi yenye machozi.

"Onyesha, mama, unaumwa kama nani?"

Neema akachagua yenye kucheka, kwa sababu ni nzuri! Nikaogopa tutarudishwa bila dawa. Nikamfinya mguu chini ya kitenge. Akapiga kelele.

"Kumbe! Unaumwa wapi?"

Neema akafunua kitenge, vidole vyangu vingali pale.

"Hapa! Kaka ananifinya!"

Muuguzi akanitazama. "Haya, papa, sema wewe: mutoto anaumwa wapi?"

Foleni nzima nyuma yetu ikasogea karibu, inisikilize.