Bwawa Kwenye Goli la Kaskazini

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita, lakini asubuhi ya fainali nilikuta goli la kaskazini limegeuka bwawa.

Sitanii. Nilikanyaga mstari wa chokaa niliouchora mwenyewe jana yake, mguu ukazama mpaka kwenye kifundo.

Mimi ni mtunza uwanja. Nyasi, mistari, nyavu, pampu ya maji, vyote viko chini yangu.

Na fainali yenyewe haikuwa ya mchezo. Sisi na majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka tulikuwa hatujagombea kombe lile tangu baba yangu akiwa kijana. Lilifutwa baada ya mashabiki kuumizana vibaya. Safari hii walikuja na mabasi, ngoma na matusi. Ya kwetu yalikuwa mengi zaidi.

Nahodha wetu? Mdogo wangu wa tumbo moja.

Jioni ya kuamkia mechi, mwenyekiti wa chama cha soka alinifuata kwenye chumba cha pampu.

"Straika wao ana mbio za mwizi," akasema. "Lowesha goli la kaskazini, ateleze."

"Bosi, kipa wetu si atasimama hapohapo?"

"Nani kakuuliza habari za kipa?"

"Mimi silowanishi."

"Basi lete ufunguo, nenda kalale."

Uwanja ni wa chama, ufunguo ni wa chama. Nikampa, damu inanichemka.

Kipindi cha kwanza straika wao akapiga shuti la kitoto kabisa. Kipa wetu akateleza, akakaa chini kama mtoto aliyenyimwa peremende, mpira ukampita pembeni. Moja bila.

Kipindi cha pili tukageuza, tukawa tunashambulia bwawa letu wenyewe. Dakika za lala salama tukapata penalti. Mdogo wangu akaja mbio, mguu wa kushoto ukamkimbia, mpira ukaenda jukwaani.

Kombe likavuka mpaka.

Jioni nikawasha redio, nikasikia sauti ninayoijua tangu ikiwa inalilia ziwa.

"Kuna mtu wa ndani kauza mechi," mdogo wangu alikuwa anasema. "Muulizeni anayeshika pampu."

Anayeshika pampu ni mimi!

Nikasimamishwa kazi. Kesho yake wahuni wakavunja dirisha la mama kwa mawe, wanapiga kelele, "Msaliti, toka nje!" Mwenyekiti nikimpigia, hapokei. Nikisema ufunguo alichukua yeye, nani ataniamini? Mdogo wangu hakuja hata kumpa mama pole.

Nilikuwa nafagia vioo mama alipotoka chumbani kashika raba nyeupe.

"Mwambie mdogo wako aje achukue raba zake," akasema. "Alfajiri ya fainali alipita kunisalimia, akaziacha, akaondoka na ndala zangu. Zimejaa tope. Sijui kalitoa wapi na jua lote hili."

Nikazigeuza. Tope lilikuwa limeshikana na majani mafupi ya nyasi na chokaa nyeupe. Chokaa yangu.

Mama akaniangalia usoni. Akaingia ndani, akafunga mlango, nikamsikia analia.

Nimewahi kukasirika maishani, lakini si kama siku ile.

Kwenye kikao cha chama, mdogo wangu alikuwa kakaa kulia kwa mwenyekiti, kavaa tai.

"Una lipi la kujitetea?" mwenyekiti akaniuliza.

Nikaziweka raba mezani, juu ya kitambaa chao cheupe.

"Mama kasema umrudishie ndala zake," nikamwambia mdogo wangu.

Akazitazama zile raba, asiziguse.

"Kaka, mwenyekiti aliniambia umegoma," akasema. "Nikamwambia anipe ufunguo, nitafungulia maji mwenyewe. Nilitaka tushinde tu."

"Na redioni ulitaka nini?"

Akaanza kulegeza tai. Mwenyekiti naye ghafla akawa anatafuta miwani iliyokuwa usoni kwake.

Kazi nilirudishiwa. Mdogo wangu sijarudishiwa, na sidai.

Sasa wewe unayesoma hapa huku umevaa jezi, unawatukana wa ng'ambo kwamba ndio waliotuhujumu: wale walikuja kucheza mpira, wakacheza, wakaondoka. Kabla hujafungua mdomo tena, angalia kwanza viatu vilivyo mlangoni kwenu.